Maji Matatu ya Nalonje

14 Novemba
Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, na leo nalonje zimechanua mteremko mzima nyuma ya nyumba. Petali tatu: mbili za zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, moja nyeupe kama unga. Hakuna ua jingine Ufipa lenye sura hiyo, na hakuna lililodhulumiwa zaidi. Enzi za Wajerumani mtafiti mmoja alipita hapa, akang'oa shina, akalikandamiza kwenye karatasi na kulipa jina la mke wake. Mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga hata tope letu! Ndilo jina lililomo vitabuni mpaka leo. Nimeapa kwamba kabla ya mvua hizi kwisha, kijitabu changu kitakuwa kimechapwa, na dunia itajua ua hili linaitwa nani na kwa nini.

Naandika shajara ili niwe na ushahidi. Watu wa hapa husahau, wasomi huiba.

Mama kaniita jikoni. "Balta, nasikia unaandika habari za nalonje. Njoo nikwambie." Nilikuwa katikati ya sentensi. Nikamjibu, "Baadaye."

17 Novemba
Mvua kutwa. Sikutoka.

22 Novemba
Nimeipata asili ya jina. Kila mtoto wa Kifipa anajua habari za wanawake watatu wageni waliofika Milansi, makao ya mtemi, mwenyewe akiwa mawindoni, wakaketi kwenye kiti chake na wasinyanyuke tena. Watatu, na ua lina petali tatu. Wawili wakubwa, weusi. Wa tatu mdogo, mweupe wa mavazi. Huyo wa tatu ndiye Nalonje! Ua hili ni muhuri wa kifalme. Tulikuwa na malkia wakati Ulaya bado inachoma wanawake moto, na tumewasahau kiasi cha kuwafyeka kwa jembe.

Nimeteremka Kizwite kwa Nestory, mchapaji. Kasoma kurasa mbili, miwani kaipandisha kichwani.

"Mwalimu, hili la malkia Nalonje kakwambia nani?"

"Mantiki."

"Mantiki anaishi wapi? Nikamsalimie."

Nestory ni mtu wa kudharau. Lakini mashine anayo yeye.

3 Desemba
Leo nimemaliza ugomvi na Wilibrodi, katekista wetu ambaye pia ni mwenyekiti wa kitongoji. Mtu mwenye vyeo viwili na wazo moja. Hataki Masanja na mkewe Debora wakae hapa. Hao ni Wasukuma waliopanda kutoka bonde la Mtowisa tangu Agosti, baada ya ziwa kumeza majaruba yao ya mpunga. Ng'ombe wamebaki wawili, wameachwa kwa ndugu huko bondeni. Nimewapa nyumba ya zamani ya baba, ng'ambo ya shamba. Nilimwambia Wilibrodi mbele ya jumuiya nzima kwamba kiti cha Ufipa chenyewe kilikaliwa na wageni, kwa hiyo anyamaze.

Masanja kaja jioni kushukuru, na utani wao ule ule.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi nakaa, ila sharti moja. Tukigombana, usinitumie radi. Nyie Wafipa radi mnazifuga kama kuku."

"Marahaba. Kwako nitatuma ndogo tu, ya kuchoma paa."

Wakacheka yeye na Debora. Binti yao Sharon, wa miaka saba, hakucheka. Alitazama juu, akaliangalia wingu vizuri.

4 Desemba
Mama kaniuliza tena lini nitakaa naye jikoni. Nimemwambia habari za jikoni naziheshimu sana, na kwamba nitaziweka sura ya mwisho.

19 Desemba
Kimetoka! Nakala mia mbili, kurasa ishirini na nne, jalada la zambarau. Nimegawa baada ya misa kigangoni. Sura ya tatu ndiyo niipendayo. Humo nawachapa Wafipa wa leo wanaoona haya kula vyakula vya asili, wakati mzizi wa nalonje ulikuwa chakula cha malkia. Hilo siandiki kwa kubahatisha. Niliula mwenyewe, mwaka wa njaa, nikiwa mdogo. Nakumbuka chungu, moshi, na kiazi cheupe chenye utamu wa mbali. Zaidi ya hapo sikumbuki, kwa sababu wavulana tulifukuzwa jikoni na kuitwa jioni chakula kikiwa tayari.

Mama hajui kusoma. Kakipapasa kijitabu mbele na nyuma. "Mbona chembamba?" kasema.

25 Desemba
Noeli. Ugali wa ulezi, kuku mmoja, kimpumu kidogo kwa Wilibrodi. Pombe hiyo humlegeza. Tulipeana mikono.

11 Januari
Siku ya tisa bila mvua. Mahindi yamejikunja kama masikio ya sungura.

20 Januari
Hakuna mvua. Maghala yanafagiliwa. Mwezi wa tisa malori ya wanunuzi kutoka Laela yalikuja, na kila nyumba iliuza kana kwamba Januari imefutwa kwenye kalenda. Niliwaonya. Niliandika hata gazetini. Nami niliuza.

26 Januari
Nimehojiwa redioni mjini, nusu saa nzima. Mtangazaji kaniuliza watu wafanye nini na njaa hii. Nikamjibu kwamba mababu hawakusubiri chakula cha msaada, walichimba. Nikaitaja nalonje. Simu zilimiminika. Nimerudi nikiwa nimerefuka kwa futi moja.

Mama alikuwa mlangoni akinisubiri. "Nimekusikia kwenye redio ya jirani yetu Bertha. Balta, njoo jikoni leo."

"Mama, nimechoka. Niambie hapa hapa."

"Habari hii husemwa chungu kikiwa motoni. Ndipo mtu huishika. Ndivyo nilivyoambiwa na mama yangu, naye na mama yake."

Nikamwambia huo ni ushirikina wa mapishi. Mtu anayehitaji moto ili aseme jambo, hana jambo. Kaingia ndani, mlango kaurudisha polepole.

5 Februari
Mvua imerudi, lakini kwa mahindi imechelewa. Tumeanza kupindua majani kutengeneza intumba, yale matuta ya duara tunayofukia nyasi zioze, ili mwakani pafae ulezi. Debora anafanya kibarua kwangu na ana mkono mwepesi. Masanja kashuka bondeni kuwaangalia ng'ombe.

9 Februari
Debora kanijia shambani akiwa na viazi vya nalonje kwenye khanga. Jembe linavitoa kila anapopindua. Kijitabu changu kakisoma chote, tena kanisomea mstari mmoja kwa kichwa. Mtu wa kwanza kunifanyia hivyo. Hata mke wangu marehemu hakuwahi.

"Mwalimu, hapa umeandika malkia walikula. Hujaandika unapikwaje."

Kweli sikuandika. Sikujua. Mama alikuwa mita themanini kutoka pale, akipepeta maharage.

"Kama viazi tu," nikamwambia.

12 Februari
Nitaandika kila kitu kwa mpangilio, kwa sababu kichwa kinataka kukimbia.

Saa sita mchana nilikuwa mezani. Nikasikia Mama akipiga kelele ng'ambo ya shamba. Mama yangu Lucia ana miaka themanini na mbili na hajakimbia tangu nipate fahamu. Alikuwa anakimbia. Alikuwa amepita kwa Debora kuomba chumvi, akaona maganda ya nalonje uani na chungu kimoja mekoni. Nilipofika alikuwa amemshika Debora mabegani, anamtikisa. Bertha na majirani wengine walikuwa tayari wamesimama uani.

"Umemwaga maji mangapi? Mangapi, mwanangu?"

"Maji gani, Bibi?"

"Umemwaga maji mangapi!"

Debora hakumwaga maji yoyote. Alichemsha kama viazi, akaacha maji yakaukie humo humo, akatia chumvi ya mwisho iliyokuwapo, akampa mtoto kwanza, kwa kuwa mtoto alikuwa na njaa zaidi. Kisha akala mwenyewe kidogo.

Sharon alikuwa amekaa ukutani na mate yanamtoka. Alisema ulimi umelala. Alitamka hivyo hivyo, "Ulimi umelala, mama," na kwa kuwa ulimi wenyewe ulikuwa umelala ilitubidi tusikilize mara mbili. Kisha akaanza kutapika. Kisha Debora naye.

Nilimbeba mtoto. Bodaboda ya kijana Christopha ilizama kwenye tope pale mtoni, tukasukuma, ikawaka, ikazama tena. Nilishuka nikaenda kwa miguu mtoto akiwa begani. Ni mzito mtoto wa miaka saba ukipanda kilima. Halafu ikafika mahali akawa mzito zaidi, nami nikajua, nikaendelea kutembea hata hivyo kwa sababu kusimama kungekuwa kukubali.

Zahanati walimlaza kitandani, muuguzi akamfunika. Debora aliletwa nyuma yangu kwa mkokoteni wa ng'ombe, akapelekwa hospitali mjini. Yu hai.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Nami sikusema kitu.

14 Februari
Tumemzika Sharon. Masanja alifika kutoka bondeni akiwa na tope hadi magotini. Mvua iliingia kaburini kabla ya mtoto.

17 Februari
Bertha hakuitikia salamu ya Mama kisimani.

18 Februari
Nimeyasikia sasa. Wanaulizana alijuaje. Kikongwe alifika akipiga kelele kabla mtoto hajatapika. Alijuaje kama si mkono wake? Na mbona aliuliza habari za maji? Maji gani ya kichawi hayo? Mji wetu wenyewe, tunafundishwa, jina lake maana yake ni kutupa uchawi. Hiyo ndiyo asili ya neno pekee ambayo kila mtu hapa anaijua, na wanaitumia.

Nimekuwa nikiandika miaka thelathini kuhusu wazee wanaouawa kwa maneno kama haya. Nina barua ishirini gazetini. Nilikuwa naandika juu ya watu wa kwingine.

21 Februari
Mawe matatu juu ya bati, mchana kweupe. Mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa.

25 Februari
Mkutano wa kitongoji. Vijana walitaka Mama awe ameondoka Ufipa kufikia Jumapili ijayo, la sivyo wasilaumiwe. Wengi wao nimewafundisha.

Nilisimama. Nikasema yote: kwamba mama yangu hana hatia, kwamba Debora aliniuliza unapikwaje, kwamba sikujua, kwamba nilijibu kama viazi kwa sababu niliona aibu kusema sijui mbele ya mtu aliyenisoma. Kwamba malkia Nalonje nilimtunga. Nilisema nimeua mtoto. Nilitamka neno hilo mbele ya watu mia.

Kisha Wilibrodi, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, akasema:

"Kaa, Mwalimu. Kumkinga mzazi ni amri ya nne, Mungu atakulipa. Lakini karatasi haiui mtu."

"Si karatasi, ni mdomo wangu!"

"Mwalimu, wewe umesema mangapi hapa? Ulisema mbolea ya dukani itatumaliza. Ulisema kengele ya kigango ni ukoloni. Nani alikufa?"

Watu wakacheka. Walicheka! Nimeaminiwa niliposema uongo redioni. Ukweli mmoja, uliokuja umechelewa, wakauchukua kuwa ni ufasaha wangu mwingine.

Masanja alikuwa amekaa mwisho. Nilimfuata nje nikamwambia, wewe unitumie radi, nimestahili.

"Nitamsubiri mke wangu," kasema. "Yeye ndiye aliyekuwepo uliposema."

27 Februari
Nimekwenda jikoni. Nimekaa juu ya kinu kilicholala. Mama alikuwa na maharage mekoni, moto unawaka vizuri. Nilitaka aanze yeye. Hakuanza. Mwishowe nikasema, "Mama, Nalonje alikuwa nani?"

"Uliza chungu kikiwa na nalonje. Hiki cha maharage."

Kisha akasema, "Debora anarudi lini?"

2 Machi
Debora karudi. Kakonda, sauti imebaki nusu. Mama alikwenda kwake peke yake, kanikataza kumfuata. Alikaa saa nzima. Aliporudi alichukua jembe dogo, akaenda mteremkoni akachimba.

3 Machi, Jumapili
Siku ya mwisho waliyotupatia.

Baada ya misa Mama alipita katikati ya watu na chungu kichwani hadi uani kwa Debora. Wote wakamfuata, vijana wakiwa na mawe mikononi. Alipanga mafiga mbele ya mlango. Debora alitoa kigoda, akamkalisha yeye mwenyewe, akimshika mkono. Hapo vijana wakasita.

Mama akawasha moto. Akaosha nalonje, akatia maji, na chungu kilipoanza kuchemka ndipo akasema, bila kupaza sauti, hivyo ilibidi wasogee.

"Nalonje hakuwa malkia. Alikuwa mwanamke wa hapa, hana kitu. Mwaka wa njaa mumewe kaenda kutafuta ulezi, hakurudi. Ana watoto watatu. Kachimba mzizi huu, kauchoma, kampa mkubwa. Mkubwa kafa."

Akamwaga maji ya kwanza. Yalikuwa ya rangi ya chai. Akatia mengine, na kiganja cha majivu.

"Siku ya tatu, wa pili analia njaa, kamshika nguo. Msiulize alikuwaje akathubutu tena. Njaa haikai na mtu ikamshauri. Kauchemsha, maji ya mara moja tu, kampa. Wa pili naye kafa."

Akamwaga maji ya pili. Debora alikuwa amejifunika uso kwa khanga, lakini hakuondoka.

"Amebaki wa mwisho. Sasa huyo kamnyima. Kachemsha, kamwaga. Kachemsha na majivu, kamwaga. Kachemsha, kamwaga. Kisha kala mwenyewe, kakaa mlangoni kutwa, anasubiri kufa. Hakufa. Jioni kampa mtoto. Sisi ni wa mtoto huyo. Mbili nyeusi, moja nyeupe. Wanawake waliliita ua kwa jina lake ili atakayechimba akumbuke: maji matatu, na mpishi hula kwanza. Hakuna zaidi. Si uchawi, ni mapishi. Ndiyo maana nilijua."

Akamwaga maji ya tatu, na hayo yalikuwa meupe. Akala kiazi kimoja mbele yao, taratibu, kwa fizi. Kisha akakunja mikono.

Walikaa. Hakuna aliyeamrishwa, lakini walikaa, kutoka saa tano hadi jua lilipoanza kulala. Mvua ilipita, ikaisha. Mama alisinzia mara moja, na wote tukainuka, naye akafungua jicho moja. "Bado nipo," kasema. Christopha akaliweka jiwe lake chini, kando, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Wilibrodi akamuuliza Debora, mbele ya wote, nani alimwambia upikwe kama viazi.

"Mwalimu," kasema. Hakunitazama. "Aliyoyasema mkutanoni nimeyasikia. Ni ya kweli."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza Mama, mbona hakunikamata akanilazimisha kusikia.

"Nimekuita mvua nzima, baba."

6 Machi
Asubuhi nimekuta vijitabu vitatu mlangoni, vimelowa. Hakuna aliyebisha hodi.

7 Machi
Kumi na kimoja.

15 Machi
Mia na kitu. Wanaviacha wanapopita kwenda shambani. Nimevichukua vyote nikavifukia ndani ya intumba, vioze na nyasi.

28 Machi
Masanja na Debora wanahama, wanarudi bondeni. Niliwaomba wakae. Masanja alikuwa anafunga godoro kwenye baiskeli. Aliniamkia, kama zamani. Utani haukufuata.

Debora aliniachia funguo. "Kaburi ulipalilie, Mwalimu," kasema. Niliitikia. Ni kazi niliyopewa, na sitaiandikia gazeti.

9 Aprili
Mvua zinakata. Mama anakohoa. Nakaa jikoni kila siku, ananituma kuni.

21 Aprili
Nalonje za mwisho zimechanua pale kaburini, nyingi kuliko kwingine, maana udongo ulipinduliwa. Nilikuwa nimeinama napalilia. Wasichana wawili walipita wakitoka kisimani, hawakuniona. Mdogo alitaka kuchuma ua. Mkubwa akampiga mkono.

"Acha! Hiyo ni sharoni. Ina maji matatu."

"Inaitwa sharoni?"

"Ndiyo. Kila mtu anaiita hivyo."

Wakaenda zao na ndoo zao. Nilibaki nimepiga magoti. Maisha yangu yote nimetafuta asili za maneno kwa kubahatisha. Hili nalijua lilikotoka: siku, saa, na aliyelisababisha.